Umeokoka, Jumatatu unaanzia wapi? Mwongozo wa kukua katika uanafunzi kwa watu wa ziwani

Mkutano wa injili ukiisha pale viwanja vya Furahisha hapa Mwanza, vipaza sauti vikishushwa na turubai kukunjwa, huwa anabaki mtu mmoja kando ameshika kadi yenye jina lake na namba yake ya simu. Amesali sala ya toba na ameombewa. Kesho yake alfajiri yuko mwaloni Kirumba kama kawaida anasubiri mitumbwi irudi, na hakuna aliyemwambia Jumatatu afanye nini. Mwongozo huu ni wake. Ni wako pia wewe uliyebatizwa utotoni, usiyekosa ibada, lakini ukijipima leo na miaka mitano iliyopita unajikuta palepale.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa na nimelea kikundi cha nyumbani kwa muda mrefu. Nitakayoandika ni yale niliyoyaona yakimkuza mtu kweli, pamoja na jambo moja lililonikuza mimi kwa maumivu.

Kwanza, lielewe neno lenyewe

Tukisikia "mwanafunzi" tunawaza sare, daftari na mtihani wa darasa la saba. Neno la Kigiriki lililoko kwenye Agano Jipya, mathetes, ni mtu anayejifunza kwa kuandamana na mwalimu wake. Anakula naye, analala alipolala, anamtazama anavyosema na wagonjwa na anavyoondoka alfajiri kwenda kuomba, kisha anatumwa naye akafanye vilevile.

Sisi wa huku hatuhitaji maelezo marefu. Kijana anayetaka kuwa mvuvi hapewi kitabu, anaingizwa chomboni. Miezi ya mwanzo kazi yake ni kuchota maji yanayoingia na kupiga kasia. Baadaye anakabidhiwa taa, halafu anavuta wavu na wenzake. Siku moja unamsikia anasema, "Turudi, upepo huu si mzuri," na hakuna anayekumbuka ni lini hasa alifundishwa upepo.

Petro na Andrea waliitwa hivyohivyo wakiwa kazini, wanatupa nyavu. Yakobo na Yohana walikutwa chomboni wakizitengeneza (Marko 1:16-20). Biblia yetu inayaita maji yale Bahari ya Galilaya, lakini ni ziwa la maji baridi kama hili letu, tena dogo: urefu wake ni kama kilometa 21 na upana 13. Letu, Victoria, lina zaidi ya kilometa za mraba 68,000. Nalitaja hilo kwa ajili ya yule anayedhani uanafunzi ni wa waliosoma chuo cha Biblia. Wanafunzi wa kwanza wa Bwana walikuwa watu wanaonuka samaki, wanaojua maana ya kukesha usiku kucha na kurudi mikono mitupu.

Na usikubali kuambiwa kwamba kuna Wakristo wa kawaida na kuna wanafunzi walio juu yao. Matendo 11:26 inasema wanafunzi ndio walioitwa Wakristo, kule Antiokia. Ni watu walewale.

Tenga saa inayolingana na kazi yako

Ushauri unaotolewa makanisani mara nyingi ni huu: amka saa kumi na moja, soma, omba, nenda kazini. Ni mzuri kwa mwalimu na kwa mtu wa ofisini. Mvuvi wa dagaa saa kumi na moja alfajiri yuko majini, macho mekundu, anavuta kamba. Ukimpa ratiba ya mwalimu ataifuata siku tatu, atashindwa, halafu atajiona hafai.

Kwa hiyo angalia siku yako ilivyo kweli. Mvuvi wa usiku akiamka saa nane mchana, hiyo ndiyo asubuhi yake. Mama anayeanika dagaa ana nusu saa wakati jua linapofanya kazi yenyewe. Dereva wa bodaboda pale Igoma ana dakika 20 za foleni ya abiria. Chagua wakati mmoja, ujulikane nyumbani, uushike.

Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, inakwenda mbio, na nusu yake ya kwanza imejaa ziwa na mitumbwi. Usisome sura nzima kwa siku. Soma kisa kimoja, mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Halafu uwe na daftari, la mistari la kawaida tu, na uandike majibu ya maswali matatu: kisa hiki kinanionyesha nini kuhusu Yesu, kinanidai nifanye nini, na nitafanya lini. Swali la tatu ndilo wengi wanaliruka. Mtu akiandika "nimsamehe ndugu yangu" bila siku wala saa, mwakani utalikuta limeandikwa tena kwenye ukurasa mwingine.

Kama hujui kusoma, usione haya. Biblia ya kusikiliza inaingia kwenye kadi ya simu, na mtoto wa shule jirani atafurahi kukusomea. Kama Kiswahili cha Biblia ya Muungano, ile iliyokamilika mwaka 1952, kinakuwia kigumu, ipo Biblia ya Kisukuma. Neno likisemwa kwa lugha uliyonyonya nayo huingia mahali pengine kabisa.

Omba, na ukate yale mengine

Kuhusu sala sina mengi. Chukua Baba Yetu (Mathayo 6:9-13), uiseme polepole, sentensi moja moja, na kila sentensi uisimamie mpaka uwe umeisema kwa maneno yako. Ukifika "utupe leo riziki yetu," mwambie bei ya mafuta ya injini. Ukifika "utusamehe deni zetu," taja majina.

Lililo gumu zaidi kwetu ni la pili, kukata yale mengine. Wengi tunaomba kanisani huku chomboni pamefungwa kitu. Tunajua wote. Kuna dawa ya kuvuta samaki, dawa ya kuzuia mwenzio asipate, na ile inayozikwa chini ya meza ya duka. Siku hizi imeongezeka aina nyingine inayokuja na jina la Yesu: maji na mafuta yanayouzwa kwa bei, ukiambiwa bila hayo hutafanikiwa. Hofu inayouzwa hapo ni ileile. Waefeso walipoamini walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma hadharani, na thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19:19). Ilikuwa hasara kubwa, na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hakuificha.

Kama kitu ni chako, kitoe, mbele ya ndugu wawili watatu wa kukuombea, maana hofu ya usiku ule ni ya kweli na haifai kuikesha peke yako. Kama ni cha tajiri mwenye chombo, huwezi kuharibu mali ya mtu. Mwambie kwa heshima kwamba wewe hutashiriki kuifunga wala kuifungua. Wengine wamefukuzwa kwa ajili hiyo. Hapo ndipo hatua inayofuata inapohitajika.

Usikue peke yako

Tafuta watu. Kwenu panaweza kuitwa jumuiya, kanisa la nyumbani au seli. Jina si kitu. Kitu ni watu wasiozidi kumi na wawili hivi, wanaojua unapolala, wanaoweza kukuuliza, "Ulisema utamwomba mkeo msamaha Jumanne. Ulimwomba?" Ibada ya Jumapili yenye watu mia nane ni ya thamani, lakini ndani yake mtu anaweza kujificha miaka ishirini.

Pamoja na kikundi, tafuta mlezi mmoja. Kigezo changu cha kumchagua ni kimoja: mtu ambaye nyumba yake unaweza kuingia bila taarifa. Anavyohubiri si kitu kikubwa. Tazama anavyosema na binti wa kazi, anavyopokea simu ya mtu anayemdai. Mwanamke alelewe na mwanamke, mwanamume na mwanamume, itakuepushia mengi.

Wanaohamahama wana shida yao. Mvuvi leo yuko Igombe, mwezi ujao Kome, mwingine Goziba, na huko kambini hamjui hata muumini mmoja. Kabla hujaondoka omba barua kwa mchungaji wako au katekista. Ukifika, wiki ya kwanza, uliza kanisa liko wapi kabla hujauliza vibanda vya video viko wapi. Kama hakuna, kaa na mwenzako mmoja anayeamini, msome Marko wawili. Bwana alisema wawili au watatu wanatosha.

Jambo moja ambalo sijalisikia likihubiriwa, nalo lingefaa: ihesabu mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wanakaa nchi kavu kiasi cha siku kumi hivi. Hela ipo mfukoni na kazi hakuna. Nimeona vijana wengi waliosimama imara gizani, siku za kuvua, wakaangushwa na mbalamwezi, kwa pombe na kwa wanawake. Basi kikundi cha watu wa mwaloni kikutane mara nyingi zaidi siku hizo. Sisi tunakutana kila jioni, tunapika pamoja, na kila mtu anasema hela yake ya giza hili imekwenda wapi. Mara ya kwanza watu walikataa kusema. Mara ya tatu mmoja alilia, ndipo wengine wakafunguka.

Tii jambo moja, na ulimalize

Hapa nitakaa zaidi, maana naamini hapa ndipo mtu anapokua au anapodumaa. Mathayo 28:20 haisemi muwafundishe kuyajua yote niliyowaamuru. Inasema kuyashika. Katika vikundi vingi watu wanajua sana, wanaweza kukutajia falme nne za Danieli, na bado hawajalipa deni la duka la jirani.

Nitasema langu.

Dagaa wanaokaushwa kwenye vichanja ni safi na ghali. Wanaoanikwa chini ufukweni hubeba mchanga, na bei yao ni ya chini. Kwa muda nilikuwa nanunua wa mchanga, nawachanganya katikati na chini ya gunia, juu naweka wa kichanja. Mteja akifungua mdomo wa gunia anaona dagaa weupe wanang'aa. Wakati huo nilikuwa tayari mzee wa kanisa.

Asubuhi moja nilikuwa nyumbani napepeta dagaa wa mboga. Mchanga ulikuwa unadondoka kwenye turubai, ule mlio mwembamba kama mvua ya manyunyu juu ya bati. Nikasimama na ungo mkononi. Hawa wangu nawapepeta, wale wa mteja siwapepeti. Niliukusanya ule mchanga nikaupima kwenye mizani: gramu 200 na ushee, kutoka ungo mmoja. Siku ile kwenye daftari nilikuwa nimeandika Luka 19, kisa cha Zakayo, anaposema kwamba aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Kwenye swali la tatu, nitafanya lini, nilikuwa nimeacha wazi.

Nilimwambia mlezi wangu. Hakunihubiria. Aliniuliza, "Wateja gani?" akanipa kalamu. Nikaandika majina matatu niliyokuwa na namba zao. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kahama aliyechukua kwangu magunia mawili kila mwezi. Nikapiga, ikaita mara mbili, nikakata. Akapiga yeye.

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Dagaa niliokuuzia tangu Januari walikuwa na mchanga, na mimi nilijua."

Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Nilikuwa nawapepeta mwenyewe, gunia zima, usiku watoto wakilala. Nikadhani ndivyo walivyo dagaa wa Mwanza."

Tukapiga hesabu pamoja, nikamrudishia shilingi 86,000 kwa simu. Alishukuru. Hakununua tena kwangu, na ni haki yake. Wa pili alinitukana. Wa tatu alicheka akasema nisijali, biashara ndivyo ilivyo, akakataa hela. Nikaitoa kwa wenye shida. Sikufikia mara nne za Zakayo, nilirudisha nilichochukua. Lakini tangu siku ile naweza kusema Baba Yetu mpaka mwisho bila kuruka mahali.

Kutoka hapo ndipo nilipopata utaratibu ninaowapa watu wote ninaowalea, nao ni huu. Chagua amri moja ya Bwana, moja tu, inayokugusa kwenye riziki yako au nyumbani kwako. Iandike. Mwambie mtu mmoja. Weka siku. Ifanye, hata kama sauti inatetemeka. Rudi umweleze yule mtu ilivyokwenda. Usihamie nyingine kabla hiyo haijaisha, hata ikichukua mwezi. Ukiwa mfanyakazi, ndogo ya kuanzia inaweza kuwa kuacha kumsainia mwenzako ambaye hajafika kazini. Ukiwa na kesi na ndugu wa ukoo, anza na Mathayo 5:23-24: acha sadaka yako pale, nenda kwanza ukapatane.

Kuna amri zinazogusa tumbo moja kwa moja. Nyavu za kokoro na timba zimekatazwa na sheria, tena kila mvuvi anajua zinavyomaliza samaki wachanga. Kibarua aliyeajiriwa kwenye kokoro akiamini, atafanyaje? Kumwambia "acha" ukiwa umeshiba ni dhambi ya pili. Kwetu tulikaa tukakubaliana: tulimpa ndugu wa namna hiyo unga na maharage kwa wiki sita, mmoja wetu akamtafutia nafasi kwenye chombo cha makila, nyavu zinazoruhusiwa. Kama kikundi chako hakiko tayari kulisha, kisimdai mtu utii unaomnyima chakula watoto wake.

Ukianguka

Utaanguka. Andika kabisa kwenye jalada la daftari: Yohana 18:18 na 21:9. Mahali pa kwanza Petro anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na hapo anamkana Bwana mara tatu. Mahali pa pili ni ufukweni, alfajiri, baada ya usiku wa kutopata kitu, na Bwana aliyefufuka amewasha moto wa makaa, juu yake kuna samaki na mkate. Yohana anataja makaa mara hizo mbili. Ukiwahi kukaa ufukweni saa kumi na mbili asubuhi na harufu ya samaki wa kuchoma, unajua harufu inavyorudisha kumbukumbu. Petro alirudishwa kwenye harufu ya aibu yake, akaulizwa mara tatu, "Wanipenda?" na mara tatu akapewa kazi.

Fanya vivyo hivyo kwa haraka. Mwambie Mungu kwa jina la dhambi yenyewe, usiseme "makosa yangu ya kibinadamu." Mwambie mlezi wako kabla ya Jumapili. Kama kuna uliyemwumiza, nenda. Kisha rudi kazini, usijiadhibu kwa kukaa nyumbani miezi mitatu bila ibada.

Jinsi ya kujipima

Usitumie sauti, wala cheo, wala idadi ya siku ulizofunga. Chukua Wagalatia 5:22-23, tunda la Roho, yametajwa mambo tisa. Mpe orodha hiyo mtu anayeishi nawe au anayefanya kazi chini yako, mwulize ni lipi ameona likiongezeka mwaka huu, na lipi halionekani. Usijitetee anapojibu. Mke wangu alitia alama tatu akaniambia la uvumilivu tutazungumza mwakani. Mwaka wa pili akalitia alama. Na kukua kwenyewe hutoka kwa Mungu: Paulo alipanda, Apolo akatia maji, mwenye kukuza alikuwa Mungu (1 Wakorintho 3:6). Kwa hiyo hata mwaka usioona kitu, endelea kutia maji.

Mlee mwingine mapema

Usisubiri ukomae. Ukiwa umemaliza Marko mara moja, unaweza kumsomea Marko mtu mwingine. Imani kusini mwa ziwa hili ilikuja hivyo, kwa watu walioanza na kuwaachia wengine. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walitua Kageye mwaka 1877 wakielekea Buganda, na Desemba mwaka huohuo wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe. Mapadre wa White Fathers, shirika la Kikatoliki, walifungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883. Kituo cha CMS cha Nassa kikakabidhiwa mwaka 1909 kwa misheni iliyozaa Kanisa la AIC (Africa Inland Church) Tanzania, ambalo leo makao yake makuu yako hapa Mwanza. Hakuna aliyemaliza alichoanza.

Paulo anamwagiza Timotheo ayakabidhi mambo haya kwa watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine (2 Timotheo 2:2). Mtu mmoja anatosha kuanza.

Wa kwangu sasa ni kijana wa miaka 23 anayegeuza dagaa kwenye vichanja. Anasoma kwa kidole, neno moja moja, mimi nageuza upande wa pili. Tumefika Marko sura ya 10, pale tajiri anapoambiwa aende akauze alivyo navyo, naye akaondoka kwa huzuni. Kijana ana pikipiki ambayo hataki kunieleza aliipataje. Amefunga kitabu hapo. Kesho yake anafungua palepale, anasoma tena, anafunga. Hii ni wiki ya tatu, na sijamharakisha.